Nilikimbia ukame Sinza, Bagamoyo nikapokewa na dumu

Kama koki ya kwako inatiririka, shukuru, halafu nenda kajaze dumu moja la akiba kabla hujaendelea kusoma. Mimi nipo, nakusubiri.

Umerudi? Haya, twende.

Sisi Wabongo tuna neno tunalipenda kupita kiasi: bomba. Shati bomba, muziki bomba, maisha bomba. Nadhani mtu aliyelianzisha neno hili alikuwa amekaa siku 3 bila kuoga. Alijua hapa mjini hakuna kizuri kinacholishinda bomba linalotoa maji. Sasa wiki hii nakusimulia siku 4 nilizokwenda kula maisha bomba Bagamoyo, nikaishia kufundishwa habari za bomba lenyewe.

Kisa kilianza Jumatano jioni. Nipo kwenye banda la chipsi mtaani kwetu Sinza, simu ikaita mlio wa ujumbe. Ndugu mteja, mtambo wa maji utazimwa kwa saa 24 kuanzia Alhamisi saa 12 asubuhi, kupisha matengenezo ya pampu. Chini ikafuata orodha ya maeneo yatakayokosa maji, ndefu kama konda anaita vituo. Macho yangu yaliruka moja kwa moja mpaka kwenye Sinza. Mwanzo wa orodha sikuusoma. Ningeusoma, leo usingekuwa na kitu cha kunicheka.

Jumamosi ile shangazi yangu wa Bagamoyo alikuwa anamwoza binti yake. Mpango wangu ulikuwa niende siku hiyo hiyo asubuhi, nile pilau, nirudi na gari la jioni. Lakini ujumbe ule ukanipa akili mpya. Nikajiambia: maji yetu yanatoka Mto Ruvu, mtambo upo Bagamoyo. Mtu anayelala jikoni atakosaje ukoko? Wacha wao wateseke na madumu, mimi naenda kuogea kwenye chanzo!

Alhamisi nilipoamka, Sinza ilikuwa imeshakauka. Nikafungua koki ya bafuni. Ikakohoa mara mbili, ikatoa upepo, ikanyamaza. Nikanawa uso kwa maji ya chupa, nikabeba begi, nikafunga mlango nikaondoka napiga mluzi.

Mzee wa pampu

Gari la Bagamoyo nililipandia Makumbusho. Kama hujawahi kwenda, ni kilomita 65 hivi kutoka katikati ya jiji, lami tupu. Wazee wanasema zamani ulikuwa unafika Bagamoyo umepakwa vumbi mpaka kwenye kope, wenyeji wanakusalimia Kizungu wakidhani wewe ni mtalii mwekundu. Siku hizi unasinzia tu.

Mimi sikusinzia, maana dirishani kulikuwa na sinema. Kuanzia Mwenge jiji zima lilikuwa limebeba dumu. Madumu ya njano kwenye bodaboda, madumu kwenye bajaji, madumu kwenye buti la gari la kifahari ambalo mwenyewe ameshusha kioo kidogo ili asionekane. Maboza ya maji yanakimbizana kama yanawahi mpira wa Simba na Yanga. Tulipofika Mbezi Beach konda akapaza sauti: "Tangi Bovu! Tangi Bovu wapo?" Gari zima likacheka. Kituo hicho kinaitwa hivyo tangu zamani, lakini siku ile kilikuwa kama anatutukana.

Jirani yangu wa siti alikuwa mzee mmoja mwenye kofia ya kiua, mikono yake migumu, kucha zimeingia weusi wa grisi usiotoka hata kwa petroli. Akaniuliza naenda kwa nani. Nikamwambia nakwenda harusini kwa shangazi, lakini kwanza nakwenda kuoga, maana Sinza hakuna maji.

Mzee alicheka mpaka kofia ikamkaa upande.

"Utaoga, mwanangu. Inshallah utaoga."

Kumbe alikuwa fundi wa pampu, amestaafu. Basi kutoka Tegeta, tunaviacha viwanda vya Wazo, mpaka tunavuka Mto Mpiji kuingia mkoa wa Pwani, nikapewa darasa ambalo shuleni sikulipata.

Mtambo wa Ruvu Chini ulijengwa mwaka 1976. Ulianza na uwezo wa lita milioni 182 kwa siku. Miaka ya 2010 ukapanuliwa kwa msaada wa Marekani, kupitia shirika lao la MCC, ukafika lita milioni 270 kwa siku. Ndugu yake, Ruvu Juu wa kule Mlandizi, ni wa mwaka 1959, naye baada ya kupanuliwa anatoa lita milioni 196. Wawili hawa ndio wanaolinywesha sehemu kubwa ya jiji na miji ya jirani. Majina ya waliokabidhiwa kazi yamepita mengi: Nuwa, Dawasa tangu 1997, City Water kati ya 2003 na 2005, Dawasco iliyopokea kijiti mwaka huo wa 2005, mpaka 2018 Dawasco na Dawasa zikaunganishwa kuwa kitu kimoja. Mto ni uleule.

"Kutoka Ruvu Chini," mzee akaendelea, "kuna bomba jipya la chuma linakwenda mpaka matangi ya Chuo Kikuu, kule kilimani. Kilomita 56. Kipenyo chake mita 1.8."

Msomaji, mita 1.8! Mimi na urefu wangu wote naweza kupita humo ndani nimevaa na kofia.

Nikamuuliza swali ambalo sote huwa tunalo mdomoni: kwa nini wanazima? Mbona wasitengeneze huku maji yanatoka?

"Utabadilisha tairi gari likiwa linakimbia?" akanijibu. "Mto unakuja na mchanga na tope kutoka Uluguru. Mchanga unakula chuma. Beringi zinachoka, mipira ya kuzuia maji inavuja, valvu zinakwama. Pampu usipoizima mwenyewe siku moja uitengeneze, itajizima yenyewe, tena siku ya Idi."

Hapo nikakubali. Nikasema basi, saa 24 zikiisha, si wanawasha maji yanarudi?

Mzee akanitazama kama mwalimu anavyomtazama mtoto aliyejibu kwa kujiamini na kukosa.

Sikiliza alivyonieleza. Pampu zikizimwa, ninyi huku mnaendelea kufungua koki, kwa hiyo bomba linazidi kupungukiwa na mahali pa maji panaingia hewa. Siku ya kuwasha, lazima bomba lijae kwanza na hewa itoke. Mimi nikatoa simu nikapiga hesabu. Bomba la kipenyo cha mita 1.8 na urefu wa kilomita 56 linabeba zaidi ya lita milioni 140. Tuseme lingekauka lote: mtambo wenye nguvu ya lita milioni 270 kwa siku ungefanya kazi karibu nusu siku kujaza bomba tu, na hakuna mtu hata mmoja ambaye angepata tone.

Likijaa bomba, zamu ya matangi. Matangi yakipata, zamu ya mabomba ya mitaa. Mabondeni wanaanza, mlimani wanamalizia. Ukikaa mwisho wa laini, hata ukiwa tambarare, unapata walichobakisha wenzako. Tena kila jiji likisikia maji yametoka, kila mtu anafungua koki zote anajaza mapipa, presha inashuka, wa mwisho anazidi kuwa wa mwisho. Na pale maji yanaporudi kwa kishindo, bomba kuukuu la mtaani linapasuka, mnaanza upya.

"Kwa hiyo zile saa 24 ni za nani?" nikauliza.

"Za fundi," akasema mzee. "Zako wewe hazijaandikwa."

Akateremka Zinga. Akanipungia mkono huku bado anacheka.

Umekuja na dumu?

Shangazi anakaa Magomeni. Si Magomeni yenu ya Dar, hii ni ya Bagamoyo, tena huwa wanasema yao ndiyo tamu. Nilimkuta uani, kajifunga kanga kiunoni, amezungukwa na sufuria ambazo ungeweza kumwogeshea mtoto wa darasa la 4.

"Shikamoo shangazi."

"Marahaba mwanangu. Karibu sana. Umekuja na dumu?"

Nikacheka, nikajua ni utani wa harusi. Shangazi hakucheka. Akafunua pipa la kwanza: tupu. La pili: tupu. La 3 na la 4 akayagonga tu kwa kidole, yakalia kama ngoma za Chuo cha Sanaa.

"Kwani shangazi, na huku maji yamekatika?"

"Huku ndiko yalikoanza kukatika."

Nikatoa simu nikafungua ule ujumbe. Jina la kwanza kabisa kwenye orodha: Bagamoyo. Lahaula! Hapo ndipo nilipoelewa kicheko cha mzee wa pampu.

"Mgeni njoo, mwenyeji apone," shangazi akasema, akinipima mabega kwa macho kama mnunuzi wa ng'ombe. Msemo unasema mgeni siku ya 3 mpe jembe. Mimi siku ya kwanza, chai sijanywa, nimeshapewa madumu 2.

Lakini jambo lenyewe halikuwa la mzaha. Wageni waliotarajiwa ni 300. Ukipika pilau la watu 300 unahitaji maji. Mchele na nyama vioshwe kwa maji. Wanaume watie udhu, watu wote wanawe mikono, choo kisafishwe, sahani zirudiwe kuoshwa maana hazitoshi. Shangazi alikuwa amepanga kujaza mapipa siku ile ile ya Alhamisi. Mtu mmoja wa jikoni akathubutu kusema labda shughuli isogezwe mbele siku 2. Ah! Nilimwonea huruma.

"Kadi zimetoka, ng'ombe amelipiwa, bwana harusi anatoka Tanga. Nikawaambie nini watu wa Tanga? Kwamba wamefika Bagamoyo tukakosa maji ya kuwanawisha mikono?"

Shangazi amemlea binti yule peke yake, kwa kuuza vitumbua na maandazi. Miaka 3 anacheza upatu kwa ajili ya siku hiyo. Goti lake la kulia limechoka, akikaa anaanza kutafuta mahali pa kushika kabla hajainuka. Nikaweka begi chini.

Ijumaa, mjini kumekauka

Ijumaa asubuhi mtambo ulishawashwa, habari zilifika. Koki ya shangazi haikupata habari hizo. Nikatumwa mjini kununua limau na mkaa, nikaona nipite Mji Mkongwe nipunge upepo.

Bagamoyo ni pazuri, msomaji, hata ukiwa hujaoga. Milango ya nakshi, majumba ya mawe ya matumbawe, Boma la Wajerumani, Karavanserai ambako misafara ya wapagazi ilikuwa ikipumzika ikitoka bara. Pale misheni, iliyoanzishwa mwaka 1868, ndipo maiti ya Livingstone ilipolazwa Februari 1874 kabla ya kuvushwa Unguja na kupelekwa kwao Uingereza. Wapagazi walioibeba kwa miezi ndio waliostahili kubwaga moyo, na jina la mji wengi wanalieleza hivyo: bwaga moyo. Wajerumani walipafanya makao makuu yao, kisha mwaka 1891 wakahamia Dar es Salaam. Serikali ilikwenda Dar mwaka huo, maji yakaifuata 1976.

Soko la samaki nilikuta sinema nyingine. Samaki wapo, pweza wapo, mafuta yanachemka, lakini akina mama wakaanga samaki wanaoshea maji ya bahari kwanza, ndipo wanasuuza kwa maji baridi kidogo kwa kikombe, kama dawa. Mmoja aliniambia juzi alinunua dumu la lita 20 kwa shilingi 300, leo linaletwa kwa 500. Akipandisha bei ya samaki wateja wanamkimbia, akiiacha anafanya kazi ya bure. Nikapiga hesabu tena, siku hizo nilikuwa mhasibu: madumu 50 ni lita 1,000, yaani uniti moja. Kwa bei ya mkokoteni ni shilingi 25,000. Ukilipia uniti hiyo hiyo kwa bili ya bomba, hata robo ya hela hiyo haifiki. Asiye na maji ndiye anayenunua ya bei mbaya.

Nikapita gesti moja kunywa soda. Ukutani pameandikwa kwa rangi nyekundu: MAJI SAA 24. Nikaomba kwenda msalani. Humo nikakuta ndoo moja, nusu. Nikamuuliza mhudumu.

"Hayo ndiyo ya saa 24, kaka," akanijibu bila kupepesa. "Ukiyamaliza sasa hivi, subiri kesho."

Jioni kidogo kijana wa jirani wa shangazi akanipakia kwenye pikipiki mpaka Kaole, kilomita chache kusini ya mji. Kule kuna magofu ya misikiti miwili na makaburi ya kale, msikiti mmoja ukiwa wa karne ya 13. Lakini mimi nilikwenda kuona kisima. Kipo hatua chache tu kutoka kwenye mikoko na maji ya chumvi, nacho kina maji baridi. Wenyeji wanakiita cha baraka, na wanasema hakijawahi kukauka.

Baraka ipo, sibishi, na akili ya wazee pia ipo. Huku pwani maji ya mvua yakizama ardhini yanakaa juu ya maji ya chumvi, kwa kuwa ni mepesi. Ukichimba kwa kiasi na ukachota kwa kiasi, unapata matamu. Ukiwa na tamaa, ukachimba sana au ukayavuta kwa pampu usiku na mchana, chumvi inapanda juu, kisima kimekufa. Ndiyo maana visima vingi vya Dar siku hizi chai yake haihitaji chumvi ya utani. Na mto nao si mtumwa wetu: Oktoba 2022 mvua zilipochelewa, Ruvu ikapungua, uzalishaji wa mitambo yote miwili ukashuka kutoka lita milioni 466 hadi 300 kwa siku, Dar nzima ikaingia kwenye mgao. Mwaka huo huo ndipo ukasainiwa mkataba wa kujenga Bwawa la Kidunda, kule Morogoro, lililozungumzwa tangu baba zetu hawajaoa.

Usiku wa madumu 40

Tuliporudi kwa shangazi, koki bado bubu. Mapipa 4 ya lita 200 ni lita 800. Hayo ni madumu 40. Kununua yote kwa 500 ni shilingi 20,000, na pesa hiyo ilikuwa imeshakuwa vitunguu. Shangazi akaamua: kisimani.

Mtaa wa nyuma kuna babu mmoja ana kisima cha kamba uani kwake. Tulifika saa 3 usiku tukakuta foleni imetoka mpaka njiani. Mama kafunga mtoto mgongoni, vijana wa mkokoteni, watoto wa shule na sare zao. Binti mmoja wa kidato cha 4 alikuwa amekalia dumu lake, anasoma daftari la Kemia kwa mwanga wa simu. Kila foleni ikisogea, anasogeza dumu na mguu, macho hayatoki kwenye daftari. Nikamuuliza mtihani lini. "Jumatatu," akasema. Alikuwa amefika saa 12 jioni, na hiyo ilikuwa mara ya pili, maana ya kwanza aliyapeleka kwa bibi yake anayeumwa.

Vijana wa mkokoteni walimpa babu ofa: wamlipe 100 kila dumu, wao wakauze. Babu akakataa. "Maji ya kisima changu hayauzwi. Mkitaka kuuza, chimbeni chenu." Akatoa amri moja: kila nyumba madumu 3, kisha urudi mwisho wa foleni, isipokuwa mwenye msiba na mwenye harusi. Watu wakatupisha. Hakuna aliyenung'unika. Nilitamani watu wa kule kwetu wanaopigania siti ya daladala waje kuona.

Sasa kazi. Kutoka kisimani mpaka barabarani kuna uchochoro ambao mkokoteni haupiti. Yaani kichwani, ndugu yangu. Shangazi, na goti lake lile, akajitwisha ndoo ya lita 20 juu ya kata ya kanga, akaachia mikono, akaondoka huku ananisemesha. Mimi nilijitwisha ya kwangu, hatua ya 5 nimeshaoga! Watoto walicheka mpaka wakakaa chini. Mwisho nikaambiwa nibebe madumu mkononi, moja kushoto moja kulia, kama mtu anayepimwa uzito. Ukitaka kujua thamani ya lita 20, usizisome kwenye karatasi. Zibebe mita 100 usiku, kwenye mchanga, na kandambili imekatika. Simu nikaenda kuifungia kabatini kwa shangazi isilowe.

Saa 9 usiku pipa la 4 lilijaa. Shangazi akayafunika yote kwa mikeka, akakaa kwenye kigoda mbele yake kama mlinzi wa benki. Ya kunywa na ya juisi yakachemshwa hadi alfajiri. Pale nilipokaa uani nikitetemeka, sikukumbuka tena kwamba nilikuja kuoga.

Harusi ikafanyika. Jumamosi nilipewa cheo, waziri wa maji. Nilikaa na kata mkononi karibu na mapipa, kila anayetaka anaeleza anakwenda kufanyia nini. Jikoni wakapewa lao. Udhu kwa kopo moja, hakuna kuongezewa hata ukiwa mjomba wa bwana harusi. Maji ya kuoshea mchele hayakumwagwa, yalikwenda kwenye sahani za mchafuko wa kwanza, yakitoka hapo chooni. Wageni wa Tanga walinawa, wakala, wakanawa tena, wakasifu pilau. Hakuna aliyejua. Binti aliondoka analia na shangazi analia, lakini mimi nilijua shangazi analilia mambo mawili. Chini ya pipa la mwisho yalikuwa yamebaki makopo 6.

Maji yalirudi saa 8 usiku wa kuamkia Jumapili, wageni wameshaondoka. Koki ikapiga chafya, ikatema hewa, ikatoa maji rangi ya chai ya rangi. Yale ni tope na kutu za mabomba zilizokorogwa. Shangazi aliyaacha kwanza yajaze ndoo za choo, kisha yakaanza kung'aa. Tangazo lilisema saa 24. Kwa shangazi, anayekaa jirani na mto, zilikuwa 68.

Kilichonisubiri nyumbani

Jumapili asubuhi nikatoa simu kabatini. Nikakuta nimepigiwa mara 19. Mama mwenye nyumba, mara 11. Jirani wa chumba cha pili, mara 8. Moyo ukafanya paa.

Unakumbuka Alhamisi? Nilifungua koki ya bafuni, ikakohoa, ikanyamaza. Nilikwambia nilifunga mlango. Nilikwambia nilifunga koki?

Sinza, iliyopo mbali na mto kuliko kwa shangazi, ilipata maji Jumamosi alfajiri. Koki yangu ikafanya kazi yake. Kitambaa cha kudekia kikaziba tundu la bafu. Maji yakajaa chumbani, yakatambaa chini ya mlango, yakaingia kwa jirani, yakalowesha gunia lake la unga wa kuuzia uji. Walipiga simu, mimi nachota kwa kata. Jioni mama mwenye nyumba akaamua kufunga koki kuu ya kwenye mita. Kwa hiyo nyumba nzima, vyumba 7, baada ya kungoja maji siku 3, wakakosa tena kwa sababu yangu.

Nilifika saa 7 mchana. Hakuna aliyenipiga. Mama mwenye nyumba alinishika mkono taratibu, akanipeleka kwenye mita. Alikuwa ameandika namba ya Alhamisi kwa mkaa ukutani.

"Soma mwenyewe, mwanangu."

Uniti 6 zilikuwa zimepita. Ni lita 6,000. Ni madumu 300. Shughuli ya shangazi, na wageni wake 300 na watu wa Tanga, tuliifanya kwa madumu 40.

Nimelipa bili, nimemlipa jirani unga wake, godoro langu limekauka kwa wiki nzima juu ya ukuta mtaa mzima wanaliona. Maji yakimwagika hayazoleki, na mwaka huu nimeuelewa msemo huo kwa shilingi.

Wenye maji nawaomba kitu kimoja tu. Mkitangaza saa za kuzima na kuwasha pampu, tuambieni pia wa mwisho wa laini watapata lini. Mama mwenye shughuli Jumamosi angejaza mapipa Jumatano. Na sisi tunaotangaziwa, tusome orodha tangu juu, na tukitoka tufunge koki hata kama imekauka. Yakirudi, acha yale ya rangi ya chai yaende chooni, usikimbilie kuloweka shati jeupe.

Jumapili ile jioni shangazi alinipigia kunishukuru.

"Na huko kwenu, mmepata maji?"

"Tumepata, shangazi."

"Alhamdulillahi. Yametosha?"

Nilikuwa nimeshika dekio, nimekunja suruali mpaka magotini.

"Yametosha, shangazi," nikamjibu.

Ya uniti 6 sikumwambia. Nimekwambia wewe tu. Tukutane wiki ijayo, panapo majaliwa.